Russkie Vedomosti: Gazeti la Maprofesa, Moscow, 1863–1918

Gazeti hili lilianzishwa na mwandishi Nikolai Pavlov mwaka 1863, miaka miwili baada ya Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi kuwakomboa wakulima waliokuwa wakimilikiwa na makabaila. Kuanzia 1868 lilitoka kila siku.

Wahadhiri wengi wa Chuo Kikuu cha Moscow waliliandikia, ndiyo maana likaitwa “gazeti la maprofesa”. Lilidai utawala wa katiba, mabaraza ya wilaya yenye nguvu na elimu kwa umma. Mwaka 1891 lilichapisha makala ya Leo Tolstoy kuhusu njaa vijijini. Mwaka 1894 likatoa hadithi za Anton Chekhov, ikiwemo “Mwanafunzi”.

Serikali haikulipenda. Mara kadhaa ilipiga marufuku kuuzwa kwake mitaani, likabaki kuwafikia waliolipia usajili tu. Baada ya mapinduzi ya 1905 liliegemea chama cha Wademokrasia wa Katiba.

Lilidumu chini ya wafalme watatu, lakini halikudumu chini ya Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka. Machi 1918 walilifunga kwa sababu ya makala ya mpinzani wao, Boris Savinkov.