Andromeda Mweupe wa Titian

Aliyekosa ni mama, aliyeadhibiwa ni mtoto. Kassiopeia, mke wa Mfalme Kepheus wa Ethiopia, alijigamba kwamba kwa uzuri mabinti wa bahari hawakufua dafu. Mungu wa bahari akaghadhibika, na ili nchi isalimike, Andromeda, binti wa mfalme, akafungwa minyororo mwambani aliwe na dubwana. Shujaa Perseus, akiwa njiani kutoka kumkata kichwa Medusa, kiumbe ambaye aliyemtazama aligeuka jiwe, alimwona kutoka angani, akamuua mnyama yule na kumwoa binti.

Ethiopia ya Wagiriki haikuwa na mipaka ya leo. Aghalabu ilikuwa nchi za watu weusi kusini mwa Misri. Wengine waliyahamishia masaibu hayo Yafa, pwani ya Palestina, na katika karne ya 1 mwanahistoria Josephus aliandika kwamba alama za minyororo ya Andromeda zilikuwa bado zinaonyeshwa huko. Ila Ovid, mshairi Mrumi ambaye wachoraji wa Ulaya walimtegemea kuliko mwingine yeyote, alishikilia Ethiopia.

Kati ya 1554 na 1556, Titian wa Venice aliuchora mkasa huo kwa ajili ya Felipe, mrithi wa ufalme wa Hispania, ambaye kazi ilipokamilika alikuwa amekwisha kuwa mfalme. Ni moja ya picha sita za visasili alizomchorea, ambazo mwenyewe aliziita mashairi. Turubai ina upana wa karibu sentimita 190. Upande wa kushoto Andromeda amesimama, mwili mweupe uking'aa mbele ya mwamba mweusi. Perseus anaporomoka kutoka mawinguni, kichwa mbele, upanga mkononi, na dubwana limemwachamia. Chini, karibu na miguu ya binti, yapo matawi mekundu ya marijani, kwani Ovid anasimulia kwamba Perseus alikilaza kichwa cha Medusa juu ya magugu ya bahari, nayo yakageuka marijani.

Mchoraji aliyefuata maandishi hadi kwenye marijani hawezi kusingiziwa kwamba alisoma kwa haraka. Mwaka 1553, Lodovico Dolce, rafiki yake, alikuwa amechapisha huko Venice tafsiri ya Ovid kwa Kiitalia. Weupe basi ulitoka wapi?

Kwa kiasi fulani ulitoka kwa Ovid mwenyewe. Katika utenzi wake mkubwa, Perseus nusura amdhanie Andromeda kuwa sanamu ya marumaru, kama si nywele kupeperushwa na upepo na machozi kumtiririka. Lakini katika mashairi yake ya mapenzi, Ovid huyo huyo anamtaja Andromeda kuwa na rangi ya watu wa kwao, na anasema Perseus hakuona kasoro yoyote katika rangi hiyo. Wachoraji walikuwa na Andromeda wawili wa kuchagua. Wakachukua wa marumaru.

Wala hawakuwa wa kwanza. Kwenye vyombo vya udongo vya Wagiriki vya karne ya 5 kabla ya Kristo, watumishi wanaompeleka Andromeda mwambani wamechorwa kwa sura za Kiafrika, yeye hapana. Heliodorus, mtunzi wa riwaya wa zama za Kirumi, aliigeuza tofauti hiyo kuwa kiini cha kisa kizima: malkia wa Ethiopia anazaa mtoto mweupe kwa sababu alipotunga mimba macho yake yalikuwa kwenye picha ya Andromeda iliyokuwa chumbani mwake. Angalieni jambo hilo: hata katika jumba la mfalme mweusi, na hata katika hadithi ya kubuni, picha ya binti wa nchi hiyo ni nyeupe.

Titian hakushindwa kuchora ngozi nyeusi. Katika picha nyingine ya zile sita, ile ya mungu wa kike Diana na mwindaji Actaeon, nyuma ya Diana yupo mwanamke mweusi, amechorwa kwa uangalifu mkubwa. Yeye ni mtumishi. Kwa maoni yangu, kesi nzima imo hapo: rangi ilikuwepo, ustadi ulikuwepo, mahali pake pakawa pembeni mwa bibi. Na haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1655 kilichapishwa Paris kitabu cha visasili cha Michel de Marolles, na katika michoro yake iliyobuniwa na Abraham van Diepenbeeck, Andromeda ni mweusi, na yeye ndiye shujaa wa kike wa tukio.

Mchoro wa Titian ulizunguka sana. Uliwahi kuwa mali ya mchoraji Anthony van Dyck, ukapita Ufaransa, na mwishowe ukafika Hertford House, London, ambako katika karne ya 19 ulining'inizwa bafuni, juu ya birika la kuogea. Leo jumba hilo ni makumbusho ya Wallace Collection. Kwa muda mrefu makumbusho hayo hayakuazima vitu vyake kwa mtu yeyote, hadi masharti yalipolegezwa mwaka 2019. Machi 2020 picha zote sita zikakutanishwa katika National Gallery ya London, Andromeda mweupe na mtumishi mweusi wa Diana katika maonyesho mamoja. Siku chache baadaye milango ikafungwa kwa sababu ya korona.