Kisanduku cha Kabila: Nafasi za Skuli Unguja, Toka Mwingereza Hadi Mgao wa Baada ya Mapinduzi



Disemba iliyopita niliteremka Jeddah kutoka Riyadh kumwangalia dada yangu mkubwa. Mjukuu wake, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa hapo hapo Jeddah, alikuwa ameweka kompyuta baina ya birika la chai na sahani ya mkate wa kumimina, anajaza fomu za vyuo vya Marekani. Akafika pahala panapouliza kabila. "Bibi, hapa nijaze nini?" Dada akanigeukia mie: "Muulize babu yako, yeye ndiye aliyesoma."

Mie nimesoma kweli, na shahada yangu ya udaktari niliipata Ulaya. Lakini kwa suali hilo mwenye elimu ni dada, si mie.

Tuanze nyuma kidogo. Sensa ya Unguja na Pemba ya 1948 ilihesabu watu 264,162. Waafrika, pamoja na Washirazi, walikuwa 199,860, Waarabu 44,560, Wahindi 15,211, Wangazija 3,267. Ukizisoma namba hizi peke yake utadhani kila mtu alikuwa na kabila lake kama alivyo na pua yake. Lakini Waarabu hao, mwaka 1924 walikuwa hawafiki 19,000, na 1931 wakapita 33,000. Majahazi ya Maskati na Hadhramaut yalileta watu, sikatai, lakini si kwa kiasi hicho. Watu walihama kabila wakiwa wamekaa kwenye baraza zao. Waliojiita Waswahili mwaka 1924 walikuwa maelfu kwa maelfu, na miaka saba baadaye karibu wote wamekwisha, hawakufa, wamejiandika vyengine. Na wakati wa Vita vya Pili, mgao wa chakula ulipopangwa kwa kabila, huyu apewe mchele na yule apewe unga, ikawa jina la kabila lina uzito wa pishi kamili.

Skuli nazo zilikuwa na mchujo wake. Hapakuwa na sheria iliyosema Mwafrika asiingie sekondari ya serikali. Mchujo ulikuwa umbali, ada, lugha ya Kiingereza, na mzazi mwenye shamba la mikarafuu au duka Darajani dhidi ya mzazi anayevua Makunduchi. Wahindi walikuwa na skuli za jumuiya zao toka zamani. Huko shamba wazee wengi waliigomea skuli ya serikali kwa kuwa haikuwa na Qur-ani, na walipoingizwa walimu wa chuoni ndipo watoto wakaanza kupelekwa. Kwa hivyo ulipofika uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na waliozikalia hawakufanana na nchi. Anayesema mambo yalikuwa ya haki kwa sababu mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, namuomba aende kwa miguu kutoka Makunduchi mpaka mjini halafu aje tuzungumze.

Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Skuli ya King George VI ikawa Lumumba, ile ya wasichana ikawa Ben Bella, na tarehe 23 Septemba mwaka huo huo Mzee Karume akatangaza elimu bila malipo. Hilo ni jambo kubwa, na mie ni mmoja wa waliokula matunda yake, sitalidharau. Lakini likafuatiwa na jengine: nafasi za sekondari kugawiwa kwa kabila, kwa kiasi cha kila kundi katika idadi ya watu. Mantiki yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama Waafrika ni zaidi ya robo tatu ya nchi, basi na darasa liwe hivyo.

Ila makundi yenyewe yalikuwa yale yale ya Mwingereza. Serikali iliyompindua Sultani ikachukua daftari la mkoloni na kulifanya mizani.

Nyumbani kwetu mizani hiyo iliingia mlango wa mbele. Dada yangu aliandikishwa skuli mjini na baba, ambaye babu yake alitoka Sur. Akaandikwa Mwarabu. Kaka yangu, anayemfuata dada, alilelewa shamba kwa mama yake mama, na babu akamwandikisha huko. Akaandikwa Mwafrika, Mshirazi. Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja cha besera! Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafanya mtihani, dada mwaka mmoja, kaka mwaka uliofuata. Dada alipata maksi za juu, na mwalimu wake akaja nyumbani kumpongeza. Nafasi hakupata, ile sehemu ya Waarabu ilikuwa imejaa. Kaka alipita kwa kuponea chupuchupu na akapata.

Dada akakaa ndani, akashona kofia za vito, akaolewa, na mwishowe mume akamleta huku Jeddah. Kaka akasoma, akawa mwalimu, na kwa mshahara wake wa ualimu akanisomesha mie, ambaye wakati ule nilikuwa nanyonya. Kwa hivyo mnaponiuliza kama mgao ule ulikuwa dhulma, mimi najibu kwa mdomo uliokula kwenye meza hiyo. Ulimdhulumu dada. Na huo huo, kwa mlango wa nyuma, ndio ulionipeleka Ulaya. Sijui mizani ya kupima hayo mawili pamoja.

Wamarekani nao wamezunguka hapo hapo. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, skuli ya utabibu ya Davis, California, ilikuwa imetenga nafasi 16 katika 100 kwa wanafunzi wa makabila madogo. Mahakama Kuu ikaukataa mgao wa namba, ikaruhusu kabila liangaliwe kama jambo moja katika mengi. Mwaka 2003 ikathibitisha hivyo kwa Michigan. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi ya Harvard, ikaufunga mlango huo karibu wote. Wenzetu wengi walishangilia, kwa kuwa walalamikaji walisema wanafunzi wa asili ya Asia ndio waliokuwa wakionewa. Nami naelewa, dada yangu angeshangilia. Lakini kufuta kisanduku hakumrudishi yule mtoto wa Makunduchi karibu na skuli.

Nami huwa namkumbuka Habib Saleh wa Lamu, Mngazija, aliyefundisha watumwa na watoto wao mwishoni mwa karne ya 19, wakati wangwana wa mji walikuwa hawataki elimu ya dini iwafikie watu wale. Wakamkasirikia, naye akaendelea. Hakugawa nafasi kwa asilimia wala hakutunga mtihani. Ndiyo Riyadha hiyo, jina karibu na mji ninaoishi. Bila shaka mtu atanijibu kwamba msikitini mkeka hukunjuliwa ukaongezwa mwengine, na maabara ya kemia haikunjuliwi. Ni kweli. Tatizo la Unguja lilianza pale pale, nafasi zilikuwa chache na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuziongeza.

Tukarudi kwa kijana. Watoto wa dada walizaliwa hapa, na walipomaliza skuli walikuta vyuo vya serikali vinawatazama wananchi kwanza, ndiyo maana wakatawanyika Malaysia na Sudan. Mjukuu analijua hilo, hakulalamika. Nikamwambia suali la kabila siku hizi ni la hiari, anaweza kuliruka.

"Lakini yapo majibu mengi, na wanaruhusu zaidi ya moja," akasema, akatia alama mbili.

Dada akavaa miwani, akainama kwenye kioo, akataka aoneshwe zote mbili. Kisha akauliza kama kaka yetu kule Unguja bado hajalala, akachukua simu ampigie.