Daftari la Brønnøysund

Brønnøysund ni mji mdogo wa pwani ya Norwei wenye wakazi 5,000 hivi, na ungetarajia ujulikane kwa samaki tu. Lakini humo ndimo linamotunzwa daftari la kampuni za nchi nzima, kazi ambayo hapa Tanzania hufanywa na BRELA. Kampuni ikibadili mjumbe wa bodi, jina jipya hupelekwa Brønnøysund. Msajili akilikataa, kampuni haina bodi halali, na kampuni isiyo na bodi halali haina haki ya kuendelea kuishi. Wanaosimulia jinsi wanawake wa Norwei walivyoingia kwenye bodi za kampuni hupenda kuanza na waziri mmoja mwenye ulimi mwepesi. Nitamtaja, maana anastahili, lakini kwangu mimi shujaa wa kisa hiki ni yule karani wa daftari.

Waziri mwenyewe ni Ansgar Gabrielsen, aliyeshika wizara ya biashara na viwanda. Hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mfanyabiashara na mwanachama wa Høyre, chama cha wahafidhina, watu ambao kwa kawaida hawataki serikali iingize mkono kwenye mali ya mtu. Februari 2002 aliliambia gazeti la VG kwamba amechoshwa na klabu ya wanaume inayoendesha uchumi wa nchi, na kwamba atataka sheria. Wenzake serikalini wakalisoma gazetini kama wasomaji wengine. Hakuwa amelijadili nao. Baadaye alieleza sababu yake: wajumbe wa bodi walitoka kwenye kundi dogo la marafiki wanaokwenda pamoja kuwinda na kuvua samaki.

Wazo lenyewe halikuanzia kwake. Pendekezo la kuweka kiwango cha wanawake kwenye bodi lilikuwa limeshasambazwa kwa maoni mwaka 1999, tena kwa asilimia 25 tu. Na kwenye siasa Wanorwei walikuwa wameshazoea: baraza la mawaziri la Gro Harlem Brundtland la mwaka 1986 lilikuwa na wanawake 8 kati ya 18, na tangu 1988 kamati za serikali zilitakiwa ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo, ukivuka mlango wa kampuni kubwa, katika kila wajumbe 100 wa bodi wanawake hawakufika 10. Mabinti walikuwa wamejaa vyuo vikuu kwa miongo kadhaa, lakini mkutano mkuu wa wanahisa hupigia kura majina yaliyoletwa mezani, na waliokuwa wakiyaleta walikuwa wakiletana wao kwa wao.

Sheria ilipitishwa Desemba 2003. Iliwekwa kwa utani kidogo, nadhani: kampuni za hisa za umma zikifika asilimia 40 kwa hiari yao ifikapo Julai 2005, sharti halitaanza kutumika. Hazikufika. Basi tangu Januari 2006 likawa lazima, na kampuni zilizokuwepo zikapewa miaka miwili. Maneno yake hayataji wanawake peke yao. Yanataka jinsia zote mbili, hivyo bodi ya akina mama watupu nayo ni batili.

Makali yake hayakuwa faini. Kampuni tajiri huilipa faini kama mtu anavyolipia maegesho, kisha huendelea na shughuli zake. Watunga sheria walichukua kanuni iliyokuwepo tayari, kwamba kampuni isiyo na bodi halali hatimaye huvunjwa, wakalisogeza sharti la jinsia likae ndani yake. Hapakuhitajika tume mpya wala semina. Karani aliyekuwa akihesabu saini sasa alihesabu pia wanawake na wanaume.

Wakenya wataelewa haraka tofauti hiyo. Katiba yao ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na adhabu ya Bunge kushindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo ni kuvunjwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Mahakama ikausimamisha ushauri huo, na wabunge wakamaliza muhula wao hadi uchaguzi wa 2022. Adhabu ilikuwa moja na ya Norwei, ila Kenya hapakuwa na karani wa kukataa jina.

Norwei ilifika asilimia 40 mwaka 2008, na hakuna kampuni iliyovunjwa. Waliodai kwamba wanawake wenye sifa hawapo waliwapata, na watafiti waliochunguza sifa zao walikuta wamewashinda kwa elimu na uzoefu wanawake waliokuwa kwenye bodi kabla ya sheria. Wachache walikalia bodi kadhaa kwa mpigo, magazeti yakawabandika jina la sketi za dhahabu. Wanaume waliokuwa wakikalia bodi nyingi miaka nenda rudi hawakuwahi kuitwa suruali za dhahabu.

Kuhusu faida na hasara, wasomi bado wanavutana. Utafiti mmoja uliotolewa 2012 ulisema hisa za kampuni zilishuka sheria ilipotangazwa. Wengine wakapiga hesabu upya wasiione hasara hiyo. Lililo wazi zaidi ni kwamba wanawake wa ngazi za chini katika kampuni hizo hawakunufaika sana, na ofisi ya mtendaji mkuu ilibaki ya wanaume kwa sehemu kubwa. Bodi ya Norwei husimamia uongozi, mtendaji mkuu kwa kawaida hakai humo kama mjumbe. Sheria iligusa meza ya juu na kuishia hapo. Anayeilaumu kwa kutobadili jikoni anailaumu kwa kazi ambayo haikutumwa.

Hata hivyo iliigwa. Ufaransa, Italia na Ubelgiji zilipitisha sheria zao mwaka 2011, Ujerumani ikafuata 2015 kwa asilimia 30, na Umoja wa Ulaya ukakubaliana juu ya agizo lake mwaka 2022.

Njia ya kukwepa ilikuwepo tangu mwanzo. Sharti lilihusu kampuni za hisa za umma, kwa hiyo baadhi zilijigeuza kuwa kampuni binafsi, na binafsi ndizo nyingi mno nchini humo. Mlango huo ulikaa wazi kwa miaka 15 na zaidi. Desemba 2023 bunge la Oslo liliamua kuufunga: tangu mwisho wa 2024 kampuni binafsi kubwa na za kati zinaingizwa kwa awamu hadi 2028. Majina ya bodi zao yanapelekwa Brønnøysund.