Mashambulizi ya Princeton na malezi ya mchezaji kijana

MACHI 14, 1996, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilikutana mjini Indianapolis na UCLA, waliokuwa mabingwa watetezi wa vyuo vikuu nchini humo. Kwa urefu, kasi na nguvu, UCLA walikuwa mbali. Princeton ni mwanachama wa Ligi ya Ivy, ambayo vyuo vyake havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Hivyo kocha wake, Pete Carril, alizoea kuunda timu kwa vijana ambao vyuo vikubwa havikuwataka.

Zikiwa zimebaki dakika kama sita, UCLA waliongoza kwa pointi 41 dhidi ya 34. Hawakupata pointi nyingine. Princeton walisawazisha, na katika sekunde za mwisho Gabe Lewullis, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijifanya anatoka nje kuufuata mpira. Mlinzi wake alipomfuata, aligeuka na kukatiza kuelekea kikapuni, pasi ikamkuta huko, akafunga. Matokeo yakawa 43-41.

Jambo linalosahaulika mara nyingi katika simulizi ya mechi hiyo ni nani aliyetoa pasi. Alikuwa Steve Goodrich, senta wa timu. Katika timu nyingi za wakati huo, kazi ya senta ilikuwa kusimama chini ya kikapu, kupokea mpira akiwa amekipa mgongo, kufunga, na kuwania mipira inayorudi. Carril alimtoa huko, akamweka karibu na mstari wa mitupo huru, na kumkabidhi mpira pamoja na uamuzi.

Huo ndio msingi wa mashambulizi yanayojulikana kwa jina la chuo hicho. Wachezaji wote watano hutawanyika mbali na kikapu, eneo la chini yake likabaki tupu. Hakuna njia moja iliyochorwa ambayo lazima ifuatwe. Kila mchezaji humsoma mlinzi wake. Mlinzi akisogea mno kuzuia pasi, mshambuliaji hukatiza nyuma yake. Mlinzi akirudi nyuma kwa hofu ya kukatizwa, mshambuliaji hurusha kutoka nje kutafuta pointi tatu. Mwenye mpira naye lazima aone yote mawili kabla hayajatokea. Carril hakuyabuni yote peke yake, kwani mengine aliyakuta kwa makocha waliomtangulia, lakini katika misimu 29 chuoni hapo aliyanoa hadi yakamletea ushindi mara 514.

Wapinzani walizoea kulalamika kwamba mtindo huo ni wa kupoteza muda. Lalamiko hilo lilikuwa na ukweli enzi ambazo vyuo havikuwa na saa ya kurusha mpira. Saa hiyo ilianza msimu wa 1985/86 kwa sekunde 45, ikapunguzwa kuwa 35 msimu wa 1993/94, na tangu msimu wa 2015/16 ni sekunde 30 kwa wanaume. Hata hivyo, subira haikuwa kiini chake. Kiini kilikuwa sharti gumu zaidi: kila mchezaji, mrefu kwa mfupi, ajue kudunda mpira, kutoa pasi na kurusha.

Sharti hilo haliwezi kutimizwa chuoni pekee. Mwanafunzi hukaa huko miaka minne au pungufu, na mikono yake imekwishazoea mengi. Tatizo huanza katika timu za watoto, ambako kocha anayetaka ushindi wa Jumamosi humweka mtoto mrefu kuliko wenzake chini ya kikapu na kumkataza kudunda mpira. Timu hushinda. Lakini mtoto aliye mrefu akiwa na miaka 12 anaweza kuwa wa kawaida kabisa afikapo 17, na hapo hubaki bila kazi anayoiweza.

Ulinzi wa kanda huleta hasara ya namna hiyo hiyo. Watoto wa miaka minane hawana nguvu ya kurusha kutoka mbali, kwa hiyo kuwarundika walinzi chini ya kikapu hutosha kushinda, wala hakuna anayejifunza kumkaba mtu wala kumkwepa. Mwaka 2018, shirikisho la mchezo huo Marekani pamoja na NBA walitoa kanuni za vijana zilizokataza ulinzi huo kwa watoto wadogo na kushusha kikapu hadi futi nane kwa wenye miaka saba na minane, badala ya futi 10 za watu wazima. Sababu ya kukishusha ni rahisi: mtoto anayerusha kwa kikapu kirefu mno huutupa mpira kwa nguvu za mwili mzima, na kasoro hiyo humfuata ukubwani.

Kwa Watanzania, mfano wa karibu ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeanza mchezo huu akiwa na takriban miaka 15. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut alizuia wastani wa zaidi ya mipira minne kwa mechi msimu wa 2008/09, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Kimo chake kilimfikisha mbali upande wa ulinzi. Upande wa ufungaji katika NBA hakufikia wastani wa pointi nne katika msimu wowote. Sababu haikuwa moja, lakini miaka ya utotoni ya kuuzoea mpira hakuwa nayo.

Carril, baada ya kustaafu chuoni mwaka 1996, alikwenda kuwa kocha msaidizi wa Sacramento Kings, ambako Vlade Divac na Chris Webber, wote warefu, walitoa pasi kama wachezeshaji. Timu hiyo ilishinda mechi 61 msimu wa 2001/02. Alifariki dunia Agosti 2022, akiwa na miaka 92.

Machi 2023, Princeton iliitoa Arizona kwa pointi 59-55 katika mashindano ya vyuo, ikifunga pointi tisa za mwisho mfululizo. Mechi ilichezwa Sacramento. Kocha wa Princeton siku hiyo alikuwa Mitch Henderson, mmoja wa wachezaji walioifunga UCLA mwaka 1996.