Shemasi Aliyerudi na Watu Wake

Ukishuka matatu pale Kengeleni, Mombasa, hakuna atakayekueleza jina hilo lilitoka wapi. Makanga anataka tu ushuke haraka. Kumbe kengele ipo kweli, ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani.

Mimi nilifika pale na aibu yangu. Ni mwenyekiti wa vijana kanisani kwetu. Baada ya kesha moja nilipanda gari la mhubiri mgeni, nikaenda kunywa chai na wakubwa. Nyuma nikawaacha wasichana watatu kwenye steji, saa kumi alfajiri, wakingoja matatu. Hakuna baya lililowapata. Lakini Jumapili iliyofuata mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Mwenyekiti, si ulituacha?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana hadithi ya William Jones ilinichoma. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akapelekwa India na kusomeshwa Nasik. Mwaka 1864 alirudi Afrika, akaanza kazi ya misheni huko Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Alihudumu miaka 21 kabla ya kupewa cheo cha shemasi, Mei 1885, na Askofu James Hannington. Miaka 21! Sisi tukikaa kamati miezi sita bila cheo, tunahama kanisa.

Miezi miwili baadaye askofu akafunga safari ya kwenda Uganda kwa miguu, na Jones akiwa naye. Msafara ulikuwa na watu kama 200. Walipofika Kwa Sundu, Mumias ya leo, Hannington alichukua watu 50 akaendelea mbele. Jones akaachwa awatunze waliobaki. Basi akangoja. Habari zilipokuja, zililetwa na wachache walionusurika: askofu ameuawa Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu wapagazi wake wote.

Hebu jiweke mahali pake. Uko mamia ya kilomita kutoka nyumbani, kiongozi amekufa, na watu wanakutazama wewe. Jones aliwageuza, akawaongoza mwendo wa wiki kadhaa hadi Rabai, wakafika mapema 1886. Mbele ya msafara palibebwa bendera ya buluu yenye neno moja jeupe: Ikabodi. Ni jina la mtoto wa kwenye Biblia aliyezaliwa siku Sanduku la Agano lilipotekwa, siku utukufu ulipoondoka. Hawakujifanya wameshinda. Waliingia kijijini na msiba wao ukiwa wazi.

Waanglikana humkumbuka Hannington kila tarehe 29 Oktoba, na ni haki yake. Ila siku hizi mimi humwaza zaidi yule aliyewarudisha walio hai.

Na Jones hakuishia hapo. Watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana wao wa pwani, walikuwa wakikimbilia Rabai, ingawa misheni haikuruhusiwa kuwapokea. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Angemfungia nani mlango? Wakalima, wakajenga, wakaoa. Wenye watumwa walipotishia kuja kuwachukua kwa nguvu, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaingia pwani ilihesabu watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni. Mwanzoni mwa 1889 ikawapa hati za uhuru. Mabwana ndio waliolipwa fidia, ati wamepoteza mali. Waliolima bure miaka yote hawakulipwa chochote kwa jasho hilo.

Ninachokiona kwa Jones ni kitu kidogo na kigumu: alijua watu wake ni kina nani, na hakuondoka kabla yao. Cheo kilimkuta kazini.

Kesha letu la mwisho liliisha mvua ikinyesha. Mgeni akaniita kwenye gari, chai iko tayari. Nikamwambia, "Asante mchungaji, tangulieni tu." Nikaenda steji na daftari la majina. Matatu ya kwanza ikajaa, ya pili pia. Yule msichana aliyeniuliza swali alikuwa wa mwisho kupanda. Hakusema kitu. Alisogea tu kwenye kiti, akaniachia nafasi.