Urefu wa Waya katika Nyanda za Juu

Milima inayoizunguka Mbeya huyakinga mawimbi ya redio yanayosafiri moja kwa moja. Masafa mafupi hupita njia nyingine: hupanda hadi tabaka la juu la anga, kisha hurudi ardhini ng'ambo ya vilele. Ndiyo maana Radio Tanzania Dar es Salaam ilitumia masafa hayo, ikiwemo kilohezi 5050, kuwafikia wasikilizaji wa bara.

Wapenzi wa mawasiliano ya redio nao walitegemea anga hilohilo. Enzi za Waingereza, vituo vyao Tanganyika vilitambulishwa kwa herufi VQ3. Baada ya uhuru zikaja 5H3. Antena yao rahisi kuliko zote ilikuwa waya uliokatwa katikati, na hapo urefu ndio kila kitu. Gawanya 143 kwa megahezi, upate mita. Kwa megahezi 14 ni takriban mita 10. Ukitaka kuhamia 7, masafa yanayofaa zaidi kuzungumza Iringa na Dar es Salaam mchana, waya lazima uongezwe maradufu. Kazi ya koleo na subira, lakini ni fizikia safi, nayo yastahili heshima.

Machi 2009 wapenzi hao katika kanda ya Afrika na Ulaya waliongezewa nafasi, kilohezi 7100 hadi 7200. Aliyefunga waya wake kwa 7050 na kutaka 7150 alipunguza sentimita 14 hivi kila upande, akaupandisha tena.