Muulize Shosho Angali Anakumbuka

Wasomaji wangu, hebu tuambiane ukweli. Simu yako imejaa selfi. Lakini ile picha moja ya guka iliyo kwa sanduku la bati, unajua ilipigwa wapi? Na yule amesimama kando yake ni nani?

Mkoloni aliwaandika wazee wetu bila sura. Kipande, kilicholetwa na sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa na alama za vidole na rekodi ya mwajiri. Mwanaume alikivaa shingoni ndani ya kijikasha cha chuma. Ndio maana kwenda studio kupigwa picha halikuwa jambo dogo. Mtu alivaa koti, hata kama ni la kuazima, akaamua mwenyewe aonekane vipi.

Kuna wale husema hadithi za wazee si historia, eti historia iko kwa faili. Sawa, tuangalie faili basi. Mwaka 2009 wazee watano walipeleka serikali ya Uingereza mahakamani London kwa mateso waliyopitia wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Faili nyingi za wakati huo zilikuwa zimefichwa Uingereza, na habari zake zikatoka hadharani 2011. Zilipofunguliwa, ziliunga mkono mambo ambayo wazee walikuwa wakisema miaka yote. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwemo, katika madai ya Wakenya 5,228. Lakini mmoja wa wale watano alikuwa ameshafariki 2010.

Hapo ndipo shida iko: faili inaweza kungoja miaka hamsini, mzee hawezi.

Kwa hivyo ukienda ushago, beba penseli. Geuza picha, andika nyuma jina, mahali na mwaka. Washa rekoda ya simu, lakini omba ruhusa kwanza. Anza na maswali madogo: koti lilikuwa la nani, mlienda studio na gari gani? Akinyamaza, usimlazimishe. Wengine walinyamaza ili waweze kuishi. Na usiposti kitu kabla hajakubali.

Haya, niambie: picha ya zamani zaidi kwenu ni ya nani, na nani bado anamjua kwa jina?